Biashara inayokula hasara: uifunge au uiache? Hesabu za Nyakanazi, Ngara na Tulawaka



Kuna ugonjwa mmoja unawasumbua wafanyabiashara wetu, wakubwa kwa wadogo. Mtu ana biashara tatu chini ya paa moja. Mwisho wa mwezi anapiga hesabu, anakuta moja inasoma hasara. Basi, usingizi unakatika. Kesho yake mpishi kaambiwa asirudi, mlango umepigwa kufuli, na mwenye mali anakaa kusubiri faida ipande. Miezi mitatu baadaye faida haijapanda, imeshuka! Hapo sasa yanaanza maneno ya mkono wa mtu, mara jirani ana kijicho, mara atafutwe mtaalamu wa kuzindika duka.

Jamani, mara nyingi hakuna mkono wa mtu hapo. Kilichotokea ni kwamba hesabu ilijibu swali ambalo halikuwa lenyewe. Leo naomba tuongelee kitu ambacho wahasibu wanakiita gharama tofauti, yaani zile gharama zinazobadilika kwa sababu ya uamuzi unaotaka kuufanya. Zisizobadilika, hata ziwe kubwa namna gani, haziingii kwenye uamuzi huo. Nitatumia mifano ya huku huku Ngara na Biharamulo ili tuelewane.

SWALI LENYEWE NI LIPI?

Wengi tunauliza: "Hiki kitengo kina faida au kina hasara?" Swali la kuuliza ni hili: "Nikikifunga, mfukoni mwangu kitabadilika nini?"

Ukishauliza hivyo, chukua karatasi uandike mambo matatu. La kwanza, mapato gani yatakatika. La pili, gharama gani zitakatika pamoja nayo. La tatu, gharama gani zitabaki pale pale hata ukifunga. La kwanza na la pili ndiyo yanayoamua. La tatu lipo tu ili usidanganyike.

MFANO WA NYAKANAZI

Nyakanazi, wilaya ya Biharamulo, ni njia panda. Huku Kahama, huku Kibondo na Kigoma, huku Lusahunga na kuendelea Ngara hadi mipaka ya Rusumo upande wa Rwanda na Kabanga upande wa Burundi. Malori yanapita usiku na mchana. Chukulia kuna mama mmoja hapo amepanga jengo, ana gesti, ana duka la bidhaa na ana mgahawa. Namba hizi ni za mfano tu, nimezitunga ili hesabu iwe nyepesi, lakini ukiweka za kwako mambo ni yale yale.

Kwa mwezi mmoja daftari lake linasema hivi (shilingi):

GESTI: mauzo 2,400,000. Gharama zinazopanda na kushuka kufuata wateja (kufua shuka, sabuni, maji) 400,000. Mishahara 500,000. Uchakavu wa vitanda na vyombo 200,000. Mgao wa gharama za pamoja 400,000. Faida 900,000.

DUKA: mauzo 6,000,000. Kununua bidhaa 4,600,000. Mshahara wa muuzaji 250,000. Uchakavu wa rafu 50,000. Mgao wa gharama za pamoja 1,000,000. Faida 100,000.

MGAHAWA: mauzo 3,600,000. Ndizi, nyama, mchele, maharage, mafuta na mkaa 2,300,000. Mishahara ya mpishi na wahudumu 700,000. Uchakavu wa friji, majiko na meza 100,000. Mgao wa gharama za pamoja 600,000. Hasara 100,000.

Jumla ya yote, faida ni 900,000 kwa mwezi.

Hizo gharama za pamoja ni kodi ya jengo, mlinzi, leseni na yule bwana anayekuja kuweka vitabu sawa. Zote jumla ni 2,000,000. Kwa kuwa hakuna ajuaye mlinzi analinda sahani kwa kiasi gani na shuka kwa kiasi gani, wamezigawa kufuata mauzo: gesti asilimia 20, duka asilimia 50, mgahawa asilimia 30.

Sasa kijana wa huyu mama katoka chuo, kaangalia daftari, kashtuka.

"Mama, mgahawa unatutafuna. Kila mwezi laki moja inapotea. Tuufunge, faida itafika milioni moja."

"Sawa mwanangu, tukiufunga mwenye nyumba atanipunguzia kodi?"

"Hapana mama, mkataba ni wa jengo zima."

"Na mlinzi atakubali nimlipe nusu?"

Hapo kijana akakaa kimya. Mama hajasoma uhasibu, lakini kashaligusa jambo lenyewe.

TUPIGE HESABU SASA

Mgahawa ukifungwa, mauzo ya 3,600,000 yanakatika. Vyakula na mkaa wa 2,300,000 havinunuliwi tena. Kwa hiyo kinachokatika hasa ni tofauti yake, 1,300,000. Hii tuiite mchango wa mgahawa, yaani kile ambacho mgahawa unaleta mezani baada ya kulipia vitu vyake.

Upande wa pili, tunaokoa mishahara 700,000.

Ule mgao wa 600,000 je? Haukatiki! Kodi ni ile ile, mlinzi ni yule yule. Na uchakavu wa 100,000? Nao haukatiki. Friji ilishanunuliwa, pesa ilishatoka siku nyingi. Maji yakimwagika hayazoleki.

Basi: unapoteza 1,300,000, unaokoa 700,000. Hasara ya kufunga ni 600,000 KILA MWEZI. Faida ya nyumba nzima inashuka kutoka 900,000 hadi 300,000. Kijana aliahidi milioni moja, kaleta laki tatu.

Mnaona hapo? Mgahawa uliokuwa "unakula hasara" ya laki moja ulikuwa unabeba laki sita za mizigo ya wengine.

MTEREMKO

Hadithi haiishii hapo, na hapa ndipo biashara nyingi zinapofia. Mgahawa umefungwa, gharama za pamoja ni 2,000,000 bado. Sasa zinagawanywa kwa wawili waliobaki. Mauzo yaliyobaki ni 8,400,000, duka lina 6,000,000 kati ya hizo. Kwa hiyo duka linabebeshwa kama 1,429,000. Piga: mchango wa duka 1,400,000, toa mshahara 250,000, toa uchakavu 50,000, toa mgao 1,429,000. Duka sasa linasoma hasara ya kama 329,000!

Duka ni lile lile. Muuzaji ni yule yule, wateja wale wale, bei ile ile. Jana lilikuwa na faida, leo lina hasara, na hakuna aliyelikosea. Kijana akiendelea na hesabu yake ya mwanzo atasema duka nalo lifungwe. Akilifunga, unakatika mchango wa 1,400,000 na inaokolewa 250,000 tu. Nyumba nzima inatoka faida ya 300,000 inaingia hasara ya 850,000 kwa mwezi. Inabaki gesti peke yake imebeba kodi yote, mlinzi na leseni, mpaka nayo inazama.

Kwa hiyo ukiona kampuni inafunga tawi, halafu jingine, halafu jingine, na kila baada ya kufunga wanagundua "tawi jipya lenye hasara", jiulize kama gharama za makao makuu nazo zinapungua au zinahamishwa tu kutoka bega moja kwenda jingine.

MAMBO MANNE YASIYOANDIKWA KWENYE DAFTARI

Moja: wateja wanaofuatana. Dereva wa lori hasimami Nyakanazi kwa ajili ya kitanda peke yake. Anasimama penye chakula cha moto, akishakula anaona usiku umeingia, analala, asubuhi utingo wake ananunua maji na biskuti dukani. Funga mgahawa, atakwenda kula mbele na kulala huko huko. Tuseme gesti inapoteza sehemu moja ya kumi ya wateja: mauzo yanapungua 240,000, gharama zinapungua 40,000, mchango unapungua 200,000. Basi hasara ya kufunga inakuwa 800,000 badala ya 600,000.

Mbili: chumba kingeweza kufanya nini kingine? Hii ni hoja nzito na wengi tunaisahau. Kama mtu yuko tayari kukodi kile chumba cha mgahawa afungue duka la vipuri, na mkataba wako na mwenye nyumba unaruhusu, hiyo kodi ni pesa unayoiacha kwa kuendelea na mgahawa. Akitoa 450,000 kwa mwezi bado haitoshi, maana kufunga kunakugharimu 800,000. Akitoa 850,000, funga mgahawa leo leo, mpe chumba! Hapo mgahawa haujawa mbaya kuliko jana, ila kimepatikana kitu kizuri kuliko huo.

Tatu: vyombo. Uchakavu wa kwenye daftari usikusumbue, lakini bei ambayo ungepata ukiuza friji na majiko leo inahusika. Hiyo ni pesa ya mkupuo mmoja. Usiangalie ulinunua shilingi ngapi, angalia leo itauzwa ngapi.

Nne: gharama ya kufunga kwenyewe. Watu wanadhani kufunga ni bure. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri atoe notisi, na kwa anayelipwa kwa mwezi ni siku zisizopungua 28. Kuna na kiinua mgongo: mfanyakazi aliyetimiza mwaka anastahili mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka kamili aliofanya kazi, mwisho miaka 10. Tena kabla ya kupunguza watu kwa sababu za kibiashara inabidi uwaeleze na mshauriane, siyo kufika asubuhi na kufuli. Hizi zote ni gharama zinazoletwa na uamuzi wa kufunga, kwa hiyo ziandike.

SASA NI LINI UFUNGE?

Msinielewe vibaya, sisemi kila kitu kiachwe kiendelee. Kuna wakati kufunga ndiyo akili. Kanuni ni fupi: kama mchango wa kitengo ni mdogo kuliko gharama utakazookoa kwa kukifunga, kifunge.

Turudi kwenye mgahawa wetu. Tuseme malori yamepungua na mauzo yameanguka nusu, yako 1,800,000. Vyakula navyo nusu, 1,150,000. Mchango unabaki 650,000, wakati mishahara ni 700,000. Hapo kwa hesabu ya mgahawa peke yake, kufunga kunaokoa 50,000 kwa mwezi. (Lakini kabla hujafunga, angalia kama unaweza kubaki na mhudumu mmoja badala ya wawili, na uikumbuke ile laki mbili ya gesti!) Mauzo ambayo chini yake mgahawa haulipi hata mishahara yake ni karibu 1,940,000. Kila mfanyabiashara angeijua namba yake hiyo, mbona tungelala vizuri.

Na hapa Ngara tunajua soko linavyoweza kuja kama mafuriko na kuondoka vile vile. Mwishoni mwa Aprili 1994 watu kama 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda kwa muda wa siku moja hivi, na Benaco ikawa mji. Desemba 1996 Wanyarwanda wakarudishwa kwao, mji ule ukayeyuka. Mtu aliyejenga kibanda cha biashara pale, ulipofika mwaka 1997 swali lake halikuwa "nilitumia kiasi gani kujenga?" Hiyo ilishakwenda. Swali lilikuwa "kuanzia leo, wateja waliobaki wananilipa zaidi ya ninachotumia kuwahudumia?" Kama hapana, kila mwezi wa kung'ang'ania kwa sababu ya kuonea huruma mabati ni hasara mpya juu ya ile ya zamani.

Vile vile kwa walio mpakani. Tarehe 6 Aprili 2016 Rais Magufuli na Rais Kagame walifungua kituo cha pamoja cha forodha Rusumo, ili gari likaguliwe mara moja badala ya mara mbili. Kwa nchi ni jambo jema. Kwa mwenye gesti anayeishi kwa madereva wanaosubiri karatasi, ni sababu ya kupiga hesabu upya.

TANESCO NA MAJENERETA

Kuna hali ya tatu, mbaya kuliko zote: pale kila kinachouzwa kinaleta hasara chenyewe, kabla hata hujafika kwenye migao. Kabla ya umeme wa gridi kufika, Ngara na Biharamulo tulikuwa tunapata umeme wa majenereta ya dizeli ya TANESCO. Mteja wa Ngara analipa bei ile ile ya mteja wa Mwanza, lakini dizeli ya kuzalisha uniti moja ilikuwa inagharimu zaidi ya bei ya hiyo uniti. Hapo mchango uko chini ya sifuri. Ukiongeza wateja, unaongeza hasara!

Kwa mahesabu makavu ungesema zima. Lakini shirika la umma halipo kwa ajili ya daftari peke yake. Hospitali inataka umeme, shule inataka umeme. Na kulikuwa na njia ambayo haikuwa kuzima wala kuendelea vile vile, nayo ni kubadili hiyo gharama yenyewe kwa kuleta gridi. Somo ni kwamba gharama tofauti haikuambii "funga" tu. Inakuonyesha pia ni gharama ipi inayokuua, ili uishughulikie hiyo.

TULAWAKA: MMOJA AACHA, MWINGINE APOKEA

Mfano mkubwa kuliko yote uko Biharamulo, mgodi wa dhahabu wa Tulawaka. Ulianza uzalishaji mwaka 2005 chini ya Barrick, ambayo ilikuwa na asilimia 70, na kampuni ya MDN ya Canada asilimia 30. Walichimba shimo la wazi kwanza, kisha wakaingia chini ya ardhi. Mwaka 2010 ukawa chini ya African Barrick Gold pamoja na Bulyanhulu, Buzwagi na North Mara. Kati ya hiyo minne, Tulawaka ndiyo ilikuwa ndogo, na madini yaliyokuwa yanajulikana yakaelekea ukingoni. Mwaka 2013 bei ya dhahabu duniani nayo ikaporomoka sana. Kampuni ikaamua kuachana nao.

Angalieni karatasi ya kampuni ingekuwaje. Mamilioni ya dola yaliyojenga mgodi yalishazama, hayahesabiki. Ofisi za London, Johannesburg na Dar es Salaam zipo Tulawaka iwepo isiwepo. Kilichobaki ni dhahabu itakayotoka kulinganisha na dizeli, mishahara na uchimbaji. Halafu kuna ule mzigo wa kufunga: mgodi haufungwi kwa kufuli, lazima urudishe mazingira. Ndiyo maana kumpata wa kuupokea pamoja na mzigo huo ilikuwa na thamani kubwa kwao.

Aliyepokea ni shirika letu la STAMICO, Novemba 2013, kwa dola milioni 4.5, pamoja na kuchukua jukumu la kukarabati mazingira na mfuko uliokuwa umetengwa kwa kazi hiyo. Likaunda kampuni tanzu ya STAMIGOLD, uzalishaji ukaendelea.

Watu waliuliza sana wakati ule: kama una faida kwa nini Mzungu kauacha? Na kama hauna, kwa nini serikali imeuchukua? Jibu ni kwamba wote wawili wanaweza kuwa sahihi kwa wakati mmoja, maana gharama tofauti za huyu siyo za yule. Kwa kampuni yenye migodi mitatu mikubwa, mameneja na mitaji yake ilikuwa na mahali pengine pa kwenda. Kwa STAMICO mtambo, kambi na barabara vilikuwa vimeshajengwa na mwingine. Walichotakiwa kulipia ni kuanzia hapo kwenda mbele.

Lakini "kuanzia hapo kwenda mbele" haikuwa lelemama. Majenereta ya dizeli yaliendelea kunywa pesa kwa miaka mingi kabla ya umeme wa gridi, na mgodi ukabeba madeni mazito. Ukinunua kitu kwa bei ya chini, unachookoa ni kile cha zamani tu. Dizeli ya kesho haina bei ya kutupa.

KWA KIFUPI

Ukiona kitengo kinasoma hasara, fanya hivi kabla ya kugusa kufuli:

1. Futa mgao wa gharama za pamoja. Futa na uchakavu.
2. Toa gharama zake halisi kwenye mauzo yake, uone mchango.
3. Linganisha mchango na zile gharama ambazo kweli zitakatika. Siyo zitakazohamia kwa jirani.
4. Ongeza wateja watakaoondoka nacho, toa kodi au matumizi mengine ya nafasi hiyo.
5. Andika gharama za kufunga kwenyewe: notisi, kiinua mgongo, mikataba.
6. Kisha uliza ni gharama gani moja ukiibadilisha mambo yanageuka.

Onyo la mwisho. Hesabu hii ni ya uamuzi wa leo, na kodi ya jengo ambayo leo haikatiki, mwakani mkataba ukiisha inakatika. Kitengo kinachochangia kidogo kidogo kinaweza kukubeba mwaka mmoja, lakini vyote vitatu vikiwa vya namna hiyo, kodi utaitoa wapi? Siku ya kuandika mkataba mpya, piga hesabu upya ukiweka KILA KITU, maana siku hiyo kila kitu kinaweza kubadilika.

Wenye biashara Rusumo, Kabanga, Lusahunga na Biharamulo mjini, leteni namba zenu hapo chini tuzipige pamoja. Na wahasibu mliomo humu, mnikosoe pale nilipoteleza.